Waliyozungumza Chini ya Kifusi

Emilian Ntandu hakuwa mchimbaji. Alikuwa mkulima wa Ihanja, wa alizeti na mtama, mwenye ng'ombe wachache na mke asiyeona tabu kumwambia hapana. Lakini mwaka ule mvua ilikatika mapema. Alizeti zikatoa vichwa vidogo kama vifungo vya koti, mtama ukakaukia shambani ukiwa haujafika kiunoni, na jioni moja jirani yake Alute, ambaye walichunga pamoja tangu utoto, akamjia akiwa ameshabeba begi.

"Mimi naenda machimboni," Alute alisema. "Nikikaa hapa nitawaangalia watoto machoni tu mpaka mwakani."

Pendo, mke wa Emilian, alikataa. Alisema dhahabu ya kule haijamjengea mtu yeyote wa Ihanja hata choo. Emilian alimsikiliza mpaka akamaliza, akalala, na alfajiri akaondoka. Kwa Alute nako mkewe, Eliana, hakukataa. Alimfungia mumewe viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, akamsindikiza mpaka barabarani akiwa na mtoto mgongoni, akarudi.

Machimbo yenyewe yalikuwa ni maturubai na mabati katikati ya vichaka, na mashimo. Shimo la kushukia huitwa duara. Unashuka kwa kamba, tochi kichwani, ukipita kati ya magogo yaliyokatwa kushikilia kuta, mpaka unafika kunakovunjwa mwamba. Huko unajaza mawe kwenye viroba, viroba vinavutwa juu, na jioni nawe unavutwa, ukiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyepakwa unga.

Duarani mwao walikuwa watatu. Wa tatu aliitwa Frank, mwanamume wa Mitundu, mwenye sauti kubwa na meno mazuri, aliyekuwa amefanya kazi machimboni miaka mingi na bado hana kitu. Frank ndiye aliyewapeleka kwa Hana, mama ntilie wa kambi. Kwa Hana kulikuwa na wali, maharage, na runinga moja ndogo iliyotumia umeme wa jua. Kila jioni wanaume walikuwa wakijazana pale kwenye mabenchi kutazama tamthilia ya familia ya tajiri mmoja wa Dar es Salaam, Bwana Ruhinda. Kulikuwa na mke mdogo, Bi Mwanakheri, aliyekuwa akimtilia mumewe sumu kidogo kidogo kwenye chai. Kulikuwa na dereva Tito aliyejua siri hiyo akanyamaza, wakili mlafi, daktari aliyekuwa mtoto wa nje, na msichana wa kazi aitwaye Chausiku aliyependwa na kambi nzima. Mwanzoni Emilian aliona ni upuuzi. Baada ya muda mfupi akawa anawahi kukaa benchi la mbele.

Mchezo nao ulikuwa wa Frank. Wakiwa wanakula au wanasubiri zamu ya kushuka, alikuwa akisema, "Ninaye!" Maana yake ameshamchagua mmoja wa wale watu wa kwenye tamthilia, amemficha kichwani. Wenzake wanauliza, naye haruhusiwi kujibu zaidi ya ndiyo au hapana. Mwanaume? Tajiri? Amewahi kumdanganya mkewe? Anayeshindwa kutambua anachota maji ya kuoga ya wote. Alute, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aligeuka fundi wa mchezo ule. Alikuwa anauliza taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe kutafuta anapoumwa, na mara nyingi alipata.

Siku duara lilipoanguka hakukuwa na dalili yoyote. Ilikuwa asubuhi, wameshuka muda si mrefu. Emilian alisikia gogo likilia juu yao, mlio mwembamba kama wa mlango, kisha lingine. Frank alipiga kelele, "Ndani! Ndani!" wakakimbilia mwisho wa shimo, na mlima ukakaa chini nyuma yao.

Vumbi lilipotulia walikuwa kwenye nafasi isiyozidi chumba cha kuku. Tochi ya Emilian ilikuwa hai. Aliielekeza kwa Alute, akamwona ameketi ameshika ubavu, anapumua kwa kukatakata. Akaielekeza kwa Frank, akaizima haraka. Jiwe lilikuwa limemlalia Frank mguu mzima kuanzia pajani. Walilisukuma wote wawili, wakachimba kwa mikono chini yake, wakalisukuma tena. Halikusogea hata kidogo.

Hewa ilikuwepo. Ilikuwa inapenya mahali fulani kwenye mawe, nyembamba, yenye harufu ya udongo. Ukutani kulikuwa na unyevu, wakawa wanaubandikia ulimi.

Kwanza walisali. Alute aliongoza rozari kwa kuhesabu vidole, na Frank, aliyesema hajaingia kanisani tangu harusi ya dada yake, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Walirudia na kurudia mpaka midomo ikakauka na maneno yakawa yanatoka bila mtu ndani yake. Wakaacha.

Ndipo Frank akaanza kumtaja mama yake. Alisema alimwahidi kumwezekea nyumba upya kabla ya masika. Alisema mama yake ana mazoea ya kuweka sahani yake mezani hata kama hayupo. Akalia. Kilio kilikuwa kikubwa, cha mtu mzima asiyejizuia, na Alute naye akaanza kumwita binti yake mkubwa, Rebeka, kwa jina. Emilian akasikia mdomo wake mwenyewe ukimwomba Pendo msamaha. Walilia wote watatu gizani mpaka Alute akashikwa na kikohozi kilichokataa kuacha, na kilipoacha alikuwa ametema kitu chenye ladha ya chuma.

"Basi," Alute alisema alipopata pumzi. "Basi. Ya nyumbani tuyaache. Tukiendelea hivi tutakufa leo leo. Asiyetaja nyumbani ni ndugu yangu, anayetaja nitampiga."

Hakuna aliyebisha.  Maji yalikuwa yanadondoka mahali wasipopafikia. Kisha Frank, kwa sauti iliyobaki nusu, akasema, "Ninaye."

Emilian alifikiri amesikia vibaya.

"Ninaye," Frank alirudia. "Ulizeni basi."

"Mwanamke?" aliuliza Alute.

"Ndiyo."

"Anaweka sumu?"

"Hapana."

"Ana roho nzuri?"

"Ndiyo, jamani. Ndiyo."

"Chausiku," alisema Emilian, na Frank akacheka, kicheko kifupi kilichoishia kwenye maumivu.

Basi wakacheza. Walicheza wakiwa macho, wakalala, wakaamka na kucheza. Watu wale hawakuwa wa mtu yeyote. Ungeweza kumtaja Bwana Ruhinda mara kumi bila kulia. Akifa hana wa kumzika, mkewe hana mtoto wa kukuuliza baba yuko wapi. Walibishana kama kweli. Je, Tito dereva ni mwoga au ana hesabu zake? Alute alimtetea, akasema mtu maskini anayenyamaza hatujui amebeba nini. Frank akasema mwoga ni mwoga tu. Walipomaliza watu wote wa nyumba ile wakaanza na majirani, walinzi wa getini, mpaka muuza maua aliyeonekana mara moja.

Frank alikuwa anapoa. Emilian alikaa karibu naye, akamwekea kichwa mapajani, akamfuta uso kwa kiganja. Zamu ilikuwa ya Alute kuficha, nao wawili wakiuliza. Frank aliuliza, "Amewahi kufungwa?" Alute akajibu hapana. Emilian akangoja swali la pili la Frank, akangoja, kisha akaweka mkono juu ya kifua chake.

"Amelala?" aliuliza Alute.

"Hapana," alisema Emilian.

Walimfunika uso kwa shati. Baada ya hapo wakaacha Kiswahili wakarudi Kinyaturu, lugha ambayo Frank hakuijua na ambayo kwa heshima yake hawakuwa wameitumia. Ilikuwa ajabu kuwazungumzia watu wale wa Dar es Salaam kwa Kinyaturu, kana kwamba Bi Mwanakheri ni binti wa boma la jirani. Lakini mchezo hawakuuacha. Alute ndiye aliyeng'ang'ania. Sauti ilipomwisha akawa anagonga jiwe, mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

Nyundo za waokoaji walizisikia baadaye sana, mbali kama mtu anayetwanga kijiji cha pili. Walipofikiwa, Alute alitolewa kwanza kwa sababu alikuwa na hali mbaya zaidi. Alikuwa hai. Emilian alimwona akifunikwa macho kwa kitambaa dhidi ya jua, akiinua mkono. Wakampakia kwenye gari dogo la mizigo, wakashika njia ya hospitali, na kabla hawajafika lami Alute akafa. Mwili wa Frank ulitolewa mwisho, ndugu zake wakaja kuuchukua wakaupeleka Mitundu.

Emilian alilazwa mjini. Goti lake lilikuwa limepondeka na vidole viwili havikufaa tena. Alikuwa bado kitandani Alute alipozikwa. Katekista wa kigango chao alikuja kumwona, mzee mpole mwenye kofia mkononi, akamuuliza, "Mwanangu, mlisali huko chini?"

"Tulisali, baba."

Haukuwa uongo. Lakini Emilian aliporudi Ihanja akiegemea fimbo, akakuta neno lile limeshakua bila yeye. Makaburini ilisemwa kwamba Alute alishika rozari mpaka pumzi ya mwisho. Ilisemwa kwamba sauti za nyimbo zilisikika kutoka chini ya ardhi. Watu walikuja kumsalimu kwa upole usio wa kawaida, wakimshika mikono yote miwili, na mama mmoja akamwomba amwombee mwanawe mgonjwa. Emilian alikuwa anaitikia tu.

Eliana alikuja peke yake, mchana, nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa. Pendo alimpa kigoda akajifanya ana kazi jikoni.

"Pole, shemeji," alisema Eliana.

"Poleni ninyi, mama Rebeka."

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Aliniachia neno gani?"

Emilian aliangalia goti lake. "Tulisali."

"Nimeambiwa. Nimeambiwa na kila mtu." Eliana alikuwa anaongea bila kupandisha sauti. "Shemeji, nimeishi na yule mtu. Rozari ilikuwa inamchosha kabla ya fungu la pili. Mlikaa huko siku na siku. Mliongea nini?"

Hapo Emilian akamwambia. Alimwambia kuhusu runinga ya Hana, kuhusu Frank, kuhusu Chausiku na dereva na chai ya sumu. Alimweleza jinsi walivyouliza na kujibu. Alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kusikia jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi yakitoka kwenye mdomo wa mtu aliyebaki hai, uani, mbele ya mjane.

"Watu wa kwenye runinga," alisema Eliana.

"Ndiyo."

"Watoto wanne, shemeji. Nina mtoto ananyonya. Siku zote zile, hakututaja?"

"Alitaja mwanzoni. Alimtaja Rebeka. Tulilia mpaka akakosa pumzi, ndiyo tukakatazana. Tulikatazana wote kutaja nyumbani."

Eliana alisimama. Alikiweka kigoda vizuri ukutani kama mgeni anayetoka nyumba ya watu asiowafahamu. "Kwa hiyo mlitupiga marufuku," alisema, akaenda zake.

Kuanzia siku ile hakuwasalimia. Pale bombani akimkuta Pendo alikuwa anaweka ndoo yake mbali, anaangalia barabara. Pendo alivumilia, kisha siku moja akamgeukia mumewe. "Ungemwambia alisali tu, ukamwacha. Katekista alishampa kitu cha kushika. Wewe ukamnyang'anya, ukampa tamthilia."

"Aliniuliza."

"Kuna watu wanauliza ili uwadanganye."

 Usiku Emilian aliota giza, mchana aliketi uani akipukuchua mtama wa msaada, na kila mtu aliyekuja kumwambia jinsi Mungu alivyokuwa nao kule chini alimfanya atamani kurudi huko.

Arobaini ya Alute ikapita. Siku chache baadaye Eliana akaja tena. Pendo alikuwa anapepeta, akaacha ungo hewani. Eliana alimsalimia, akavuta kigoda mwenyewe, akakaa kumkabili Emilian.

"Nifundishe huo mchezo," alisema.

"Mama Rebeka..."

"Nifundishe. Aliufia. Nataka kujua ulivyo."

 Emilian alimweleza kwamba atamchagua mmoja, yeye aulize. Eliana hakuwa ameitazama tamthilia ile hata siku moja. Kwake hakukuwa na runinga. Lakini aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Emilian akamchagua Tito dereva, kwa sababu ndiye ambaye Alute alimtetea.

"Ninaye," alisema.

"Mwanaume?"

"Ndiyo."

"Mzee?"

"Hapana."

"Ana mke?"

Tito hakuwa na mke. Emilian alifungua mdomo kusema hapana, akamwangalia Eliana, mikono yake aliyoibana magotini, akaelewa kwamba hamuulizii dereva yeyote.

"Ndiyo," alisema.

"Ana watoto?"

"Ndiyo."

"Aliumia sana?"

"Ndiyo. Ubavu. Ndani."

"Ndiyo au hapana tu, shemeji. Alilia?"

"Hapana." Kisha akasema, "Ndiyo. Mara moja."

"Alijua kwamba harudi?"

"Ndiyo."

Pendo alikuwa ameketi chini, ungo mapajani, uso ameuficha kwenye khanga.

"Mkewe alikuwemo kichwani mwake?"

Emilian alikumbuka kitu ambacho alikuwa hajakisema kwa mtu. Frank alikuwa ameshakufa. Zamu ilikuwa ya Alute, akasema anaye, na Emilian akamuuliza kama ni mwanamke, akasema ndiyo, kama ana watoto, akasema ndiyo, kama ni mpole, akasema hapana, si mpole sana. Emilian alipekua nyumba yote ya Bwana Ruhinda asimpate. Mwisho akauliza, "Huyu yumo kwenye tamthilia kweli?" Alute akasema, "Hapana. Niache nibadilishe." Emilian alimwacha abadilishe.

"Ndiyo," alimwambia Eliana. "Ulikuwemo."

"Unanidanganya?"

"Hapana."

Akamsimulia, neno kwa neno, kwa Kinyaturu kama walivyosemeshana. Aliposema si mpole sana, Eliana alitoa sauti ambayo mtu angeweza kudhani ni kicheko. Kisha akalia, na Pendo akasogea akamshika mabega. Alilia mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia miguuni. Alipojifuta uso alimwangalia Emilian bila hasira, na pengine hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mngemwacha aseme," alisema. "Alikuwa amekwisha kuanza. Ungemwacha tu aseme."

 Hata leo Emilian hajui angesema nini. Eliana aliomba maji, akanywa, akaenda kunyonyesha.

Kabla ya mvua zilizofuata Eliana alihamia Unyambwa kwa kaka yake na wale wadogo watatu. Rebeka aliacha shule akaenda mjini kufanya kazi za ndani kwa watu. Shamba lao lilikodishwa kwa mtu wa Ikungi aliyelilima vizuri. Lile duara lilifungwa kwa muda, wakaja wakaguzi, wakaondoka, likafunguliwa na mtu mwingine kwa magogo mapya. Wanaume wa Ihanja bado wanapita asubuhi na mabegi yao kuelekea huko, na wengine hupita kwa Emilian kumuuliza habari za kule. Huwaambia wasiende. Wanamshukuru, wanaenda.

Yeye analima kidogo, kwa kadiri goti linavyokubali. Chumba kilichofungwa hakiwezi tena. Hulala karibu na mlango, na mlango huachwa wazi, hata miezi ile ambayo upepo wa Singida unapita ndani mpaka majivu yanaruka jikoni. Mwanzoni Pendo alilalamika kwamba mbuzi wataingia. Wakaingia kweli, mara mbili. Sasa anaziba chini kwa ubao, anamtupia mumewe blanketi la pili, anageukia ukutani.